Pikipiki imelala wiki saba, haiwaki: kabla ya kufungua injini, fuata njia ya petroli

"Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Ifakara. Nina pikipiki ya Kichina ya CC 125, ya kiki na stata, huu mwaka wa nne. Kabla ya masika ilikuwa inawaka kiki moja, haitoi moshi, haili oili. Nikasafiri kumuuguza mama, ikakaa uani chini ya turubai wiki saba, tangi likiwa nusu. Niliporudi, haiwaki. Betri nimechaji, stata inazungusha vizuri, kiki nimepiga mpaka goti limevimba. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi, kisha CDI (kile kiboksi cha umeme wa cheche), wapi. Akamimina petroli kidogo kwenye tundu la plagi, akafunga, ikanguruma sekunde mbili tatu ikazima. Alirudia mara tatu, ikawa hivyo hivyo. Fundi wa pili anasema ringi zimekufa, injini ifunguliwe, nitafute hela ya seti ya pistoni. Plagi nikiitoa ni kavu. Hii pikipiki ndiyo inayonilisha. Niifungue injini, au niiuze ilivyo?"

Pole kwa kuuguza, ndugu yangu, na pole kwa kurudi nyumbani ukakuta chombo cha kazi kimegoma. Jibu la swali lako nalitanguliza ili upate usingizi: usiifungue injini, na usiiuze. Kwa dalili ulizozitaja, kuna uwezekano mkubwa kuwa tatizo lako liko ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, au kwenye njia inayoleta petroli hapo, na kulipata hakuhitaji seti ya pistoni.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, nalo ndilo lenye jibu. Umesema fundi alimimina petroli kwenye tundu la plagi, ikanguruma, ikazima, na ikawa hivyo mara tatu. Injini ya petroli inahitaji vitu vitatu vikutane kwa wakati mmoja: mchanganyiko wa hewa na petroli, mgandamizo wa kuubana, na cheche ya kuuchoma kwa wakati wake. Kikikosekana kimoja, haiwaki. Pale fundi alipoweka petroli kwa mkono, injini ilinguruma. Maana yake cheche ipo na inakuja kwa wakati, na mgandamizo unatosha angalau kuwasha. Kilichokuwa kimekosekana ni kile alichokiongeza yeye, na matone yale yalipoisha, ikazima. Plagi kavu baada ya kiki nyingi inasema neno hilo hilo: petroli haifiki kwenye silinda.

Kwa hiyo fundi wa kwanza alifanya kipimo kizuri kabisa, ila hakukisikiliza.

Kuhusu ringi, fikiri hivi. Ringi huisha kwa kusugua silinda, na pikipiki iliyosimama haisugui kitu. Ringi zilizochoka hujitangaza mapema: moshi wa bluu ukivuta mafuta, oili kupungua kila wiki, nguvu kuisha mlimani. Wewe unasema iliwaka kiki moja na haikula oili. Ringi hazifi chini ya turubai ndani ya wiki saba. Kinachoweza kutokea kwenye unyevu wa masika ni ukuta wa silinda kushika kutu kidogo, au vavu kunata mahali pake, lakini hayo yangekuwa makubwa kiasi cha kuua mgandamizo, yangezuia hata ile ngurumo ya sekunde mbili. Jambo moja zaidi lingeweza kumchanganya fundi wa pili. Kila ukimimina petroli ndani ya silinda, unaosha utando wa oili unaosaidia ringi kubana. Baada ya mara tatu za kumimina, mgandamizo hushuka kweli kwa muda, na ukikanyaga kiki kwa mguu utahisi laini. Dawa yake ni ndogo: toa plagi, weka kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini ndani ya tundu, piga kiki taratibu mara kumi plagi ikiwa nje, kisha rudisha. Tangu sasa usimimine tena petroli humo. Ni hatari ya moto, na jibu umeshalipata.

Sasa tuifuate petroli kutoka tangini. Hii ndiyo kazi yenyewe, na unaweza kuifanya uani kwako kwa spana namba 10, bisibisi mbili zenye ncha nzima (ya nyota na bapa), chupa inayoonyesha ndani, na kitambaa safi. Fanyia mahali pa wazi, mbali na jiko na sigara, na ukihitaji mwanga tumia tochi ya simu. Kibatari, mshumaa au kiberiti usivisogeze.

Anza na mfuniko wa tangi. Tangi linapotoa petroli lazima liingize hewa, na hewa hiyo hupita kwenye kitundu kidogo cha mfuniko. Pikipiki iliyolala uani huzibwa kitundu hicho na vumbi lililolowa, au nyigu akajenga humo kwa udongo. Hapo petroli hushuka kidogo, kisha mvuto wa ndani ya tangi huishikilia. Fungua mfuniko, puliza kitundu kutoka chini, uhakikishe pumzi inapita.

Kisha koki. Chomoa mpira wa petroli pale unapoingia kwenye kabureta, ingiza mwisho wake kwenye chupa, fungua koki kwenye ON. Unatafuta mtiririko usiokatika, unene kama kijiti cha kiberiti, kwa dakika nzima. Ukianza vizuri ukafifia baada ya nusu dakika, fungua mfuniko wa tangi: ukirudi, tatizo ni kitundu cha hewa. Usiporudi, kichujio cha koki kimeziba kwa kutu. Hakikisha pia kuwa pale ON petroli iko juu ya mrija. Ndani ya koki kuna njia mbili: ya ON ina mrija uliosimama juu kidogo ya sakafu ya tangi, ya RES (akiba) inachota chini kabisa. Tangi likipungua, ON haitoi kitu hata kama ukitikisa unasikia petroli. Na RES, kwa kuwa inachota sakafuni, ndiyo ya kwanza kuleta maji na kutu.

Hapo hapo jaza chupa robo, iache itulie dakika kumi, uitazame kwenye mwanga. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yatashuka yakae chini kama ushanga au tabaka lenye mstari. Tangi la nusu lililokaa masika mazima lina nafasi kubwa ya hewa; usiku hewa ile hupoa, unyevu wake hugeuka matone kwenye chuma na kudondoka. Sitashangaa ukikuta maji kidogo. Vilevile tia tone la petroli hiyo kiganjani. Petroli safi huruka ndani ya sekunde chache na kuacha mkono mkavu. Ikiacha utelezi na harufu ya kibatari, imechanganywa na mafuta ya taa, ambayo hayageuki mvuke kirahisi kwenye injini baridi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya uchakachuaji wa namna hii, lakini petroli ya chupa za maji za kando ya barabara haina wa kuidhamini.

Hata kama ni safi, petroli ya wiki saba imwage. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, vingine vyepesi sana, vingine vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyowasha injini baridi, kwa sababu petroli haiungui ikiwa kimiminika. Inaungua ikiwa mvuke. Kwenye joto la huko kwenu Kilombero, vyepesi huruka kwanza kupitia kitundu cha mfuniko, na kinachobaki ni kizito na kivivu. Kwenye kikombe cha kabureta, ambako mna petroli ya vijiko vichache tu, jambo hili huenda mbali zaidi: petroli yote hukauka na kuacha utando wa kahawia unaonata kama ulimbo wa mfenesi. Utando huo ndio ninaoushuku kuliko kitu kingine chochote kwenye pikipiki yako.

Rudisha mpira kwenye kabureta, fungua koki, subiri dakika moja. Chini ya kikombe cha kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Weka kifuniko cha chupa chini yake, ilegeze. Hapa njia inagawanyika, na ndipo utakapojua bila kubahatisha. Pasipotoka kitu, au yakitoka matone mawili na kukoma, wakati mpira ulikuwa unatiririsha vizuri, basi sindano ya floti (boya dogo la ndani ya kikombe) imenata na kufunga mlango: petroli haiingii kabureta. Ikitoka petroli na kuendelea kutoka, kikombe kinajaa vizuri, na kilichoziba ni jeti, njia ya kupanda kutoka kikombeni kwenda injini. Yakitoka maji kwanza, umepata mkosaji wa tatu: maji hukaa chini kabisa, pale pale jeti zinapochota, na injini hunyonya maji badala ya petroli. Ikiwa ni maji tu, yamwage yote, ongeza petroli mpya, jaribu kuwasha kabla ya kufungua chochote. Mara nyingine safari huishia hapo.

Isipowaka, kabureta inashuka. Usiogope. Injini nyingi za Kichina za CC 125, zile zenye fimbo za kusukuma vavu, zimefuata muundo wa Honda CG125 uliotoka mwaka 1976, na zilibuniwa kwa watu wanaotengeneza pikipiki mbali na karakana. Funga koki, chomoa mpira. Legeza kola ya mpira wa chujio la hewa. Fungua nati mbili za namba 10 zinazoshika kabureta upande wa injini. Kisha zungusha kofia ya juu ya kabureta uitoe pamoja na bomba lake la kuteleza na sindano ndefu. Acha vining'inie kwenye waya wa mafuta, umevifunika kitambaa. Angalia sasa, kabla hujasahau: bomba lile lina mfereji upande mmoja, na upande mwingine limekatwa mshazari. Mfereji unakaa kwenye kijipini cha ndani, mkato unaelekea chujio la hewa. Ukirudisha kinyume, bomba halifungi na injini itapiga kelele ya juu pale tu itakapowaka. Makosa haya hutokea sana, na watu hudhani wameharibu kabureta.

Pindua kabureta, fungua skrubu za kikombe. Hapa bisibisi iliyochakaa hula vichwa, kwa hiyo tumia inayokaa sawasawa na usukume kwa nguvu ukizungusha. Ukifungua, nusa. Harufu ya petroli safi ni kali na nyepesi. Ukikutana na harufu kama rangi ya mafuta iliyochacha, na sakafu ya kikombe ina ukoko wa kahawia au unga wa kijani, umefika. Sukuma pini ya floti itoke taratibu, inyanyue floti pamoja na sindano yake fupi. Tazama ncha ya sindano, ile ya mpira mweusi: ikiwa na duara lililochimbika kama kovu, haifungi tena vizuri, na baada ya kusafisha itavujisha. Inunuliwe mpya. Itikise floti karibu na sikio. Ukisikia kimiminika ndani, imetoboka.

Jeti ziko mbili. Kubwa ipo katikati, imekaa juu ya bomba la shaba lenye vitundu pembeni. Ndogo ipo kando yake, ndani kidogo ya shimo. Jeti kubwa hulisha injini ukishavuta mafuta. Ndogo hulisha injini ikiwa mlango wa hewa (lile bomba la kuteleza) umefungwa, yaani wakati wa kuwasha na wakati wa injini kunguruma taratibu bila kuvuta mafuta. Tundu la jeti ndogo lina upana wa kama sehemu nne za kumi za milimita, au pungufu. Utando mwembamba wa ulimbo unatosha kulifunga lote, huku jeti kubwa ikionekana safi kabisa. Ndiyo maana fundi anaweza kufungua kabureta, akapuliza kwa mdomo, akakwambia "iko safi", na pikipiki isiwake. Kwenye kabureta nyingine jeti ndogo imekandamizwa, haifunguki. Usiilazimishe, isafishie humo humo.

Ziloweke jeti kwenye petroli mpya usiku kucha, au tumia dawa ya kopo ya kusafishia kabureta, kisha zipulizwe kwa upepo wa kompresa ya kujazia matairi, kutoka pande zote mbili. Inua kila jeti uitazame angani. Unataka kuona duara kamili lenye kingo kali. Ukiona mwezi mwandamo, bado. Tafadhali usitumie waya wa chuma, sindano ya kushonea wala spoku. Shaba ni laini kuliko chuma, na ukilikwaruza tundu umelipanua daima. Pikipiki itakula petroli na kuchafua plagi mpaka ununue jeti nyingine. Tumia uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia, ule mwembamba kabisa, au unywele mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme. Ifakara nyuzi za nailoni hazikosekani.

Kuna skrubu ndogo pembeni ya kabureta, ya mchanganyiko. Kabla ya kuitoa, ifunge taratibu mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, uandike. Ikitoka ina springi, washa ndogo na mpira wa duara mdogo kama punje ya mtama. Ule mpira hupotea kwenye mchanga kirahisi mno, kwa hiyo fanyia juu ya sinia. Puliza tundu lake nalo, maana ni sehemu ya njia ile ile ya jeti ndogo. Ukirudisha, fungua mizunguko kama uliyoiandika; kama hukuandika, anza na mzunguko mmoja na nusu.

Unaporudisha kabureta, kagua mpira wa duara ulio usoni pake, upande wa injini. Ukikaa vibaya, hewa ya wizi itaingia baada ya kabureta, mchanganyiko utakuwa mwepesi, na utarudi kwenye kilio kile kile. Nati mbili zikazwe kwa zamu, kila moja kidogo kidogo, kwa sababu uso ule ni wa madini laini na hupinda.

Kabla ya kuweka petroli mpya, lisuuze tangi kwa petroli kidogo, mwaga kupitia koki iliyofunguliwa, rudia mpaka kinachotoka kinafanana na kilichoingia. Weka chujio dogo la plastiki kwenye mpira, mshale wake ukielekea kabureta. Tia lita moja tu ya petroli kutoka pampu ya kituo, ili kama kuna jambo bado, usimwage nyingi.

Kuwasha kwake: fungua koki, subiri dakika moja kikombe kijae. Vuta choki. Washa funguo, hakikisha swichi ya kuzimia kwenye mkono wa kulia iko sehemu ya kuwaka. Usivute mafuta kabisa. Watu wengi huvuta mafuta mpaka mwisho huku wanapiga kiki, wakidhani wanasaidia; kumbe mlango wa hewa ukifunguka, mvuto juu ya tundu la jeti ndogo hupotea na petroli haipandi. Piga kiki kamili, kutoka juu hadi chini, mara tatu hadi tano. Ikishika, iache na choki kwa nusu dakika hadi dakika, kisha irudishe pole pole.

Sikiliza inachokwambia hapo. Ikiwaka na choki lakini ikazima kila ukiitoa, jeti ndogo bado ina uchafu: choki inaziba hewa na kulazimisha petroli ipande, ukiitoa hakuna kitu. Rudi ukaloweke tena. Ikinguruma vizuri taratibu lakini ikakohoa ukivuta mafuta, geukia jeti kubwa. Ikiwaka na petroli ikadondoka kwenye mpira wa chini wa kabureta, sindano ya floti haifungi. Hilo usiliache hata siku moja. Petroli inayofurika huweza kushuka kupitia silinda hadi kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili unuse: kikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda juu ya alama, usiwashe. Mwaga oili yote, weka mpya kama lita moja, baada ya kubadili sindano. Oili iliyochanganyika na petroli huacha vyuma vikavu, na hapo ndipo injini nzima hufa kweli.

Na kama umefanya yote haya na haijawaka? Basi tunarudi kwenye vile viwili vingine, na navyo vinapimwa, havibahatishwi. Kwa cheche: toa plagi, ichomeke kwenye kofia yake, ilaze chuma chake kiguse injini, mbali na tundu lake ili mvuke usishike moto, upige kiki. Cheche ya bluu inayosikika "tak" ni nzuri. Nyekundu nyembamba ni dhaifu. Usiache plagi ikining'inia bila kugusa chuma, kwani umeme ukikosa njia unaweza kuunguza CDI au koili. Pengo la plagi liwe milimita 0.6 hadi 0.7, na plagi ya injini hizi kwa kawaida ni D8EA ya NGK au inayolingana nayo. Usipanue pengo ili "moto uwe mkali": cheche inayoruka nje inaweza kushindwa ndani, chini ya mgandamizo.

Kwa mgandamizo, kidole gumba kwenye tundu la plagi hakitoshi kumhukumu mtu agharimie seti ya pistoni. Karakana yenye kipimo itafunga geji kwenye tundu la plagi, mafuta yamevutwa mpaka mwisho, kiki mara tano hadi saba. Injini nzima ya aina hii husoma karibu kilo 10 hadi 13 kwa sentimita ya mraba. Ikisoma chini ya 8, kabla ya kufungua wapime tapeti kwanza, injini ikiwa baridi: nafasi ya milimita 0.08 kwa vavu zote mbili ndiyo ya CG125, na tapeti iliyobana sana huacha vavu wazi kidogo na kuiba mgandamizo wote. Marekebisho hayo ni ya nusu saa. Kisha oili kijiko cha chai ndani ya silinda, wapime tena. Namba ikipanda sana, ringi zina kesi ya kujibu. Isipopanda, ni vavu. Fundi akikataa kupima na kung'ang'ania kufungua, tafuta mwingine.

Kuna mambo mengine ambayo usiyajaribu mwenyewe, nenda ukaonane na fundi ana kwa ana: kiki ikikurudisha kwa nguvu mguuni, ikigoma kushuka kabisa, ukisikia chuma kikigonga chuma ndani, au tangi likiwa limeoza kwa kutu mpaka vipande vinatoka. Tangi la namna hiyo asilichomee mtu mwenye mashine ya kuchomelea bila kuliandaa. Mvuke wa petroli uliobaki hulipuka hata kama tangi linaonekana tupu.

La mwisho ni CDI yako ya zamani. Muombe fundi wa kwanza akurudishie, ni mali yako. Pikipiki ikishawaka na kutembea siku mbili tatu, irudishe mahali pake, ukihakikisha soketi yake ina idadi ile ile ya pini na iliyowekwa sasa, kwa sababu za pini tano na za pini sita kwa kawaida hufanya kazi kwa njia tofauti na hazibadilishani. Injini ikiwaka kama kawaida, ile ya zamani haikuwa na kosa. Iache humo iendelee na kazi, na hiyo mpya ifunge kwenye nailoni uiweke chini ya kiti.